Kimya cha Emmett Kelly kilikuwa na mshindo

Imeenea dhana miongoni mwetu kwamba mchekeshaji sharti awe msemaji, na kwamba anayewachekesha watu hana la maana la kuwafunza. Maisha ya Mmarekani Emmett Kelly yanaikanusha dhana hiyo.

Kelly alizaliwa Desemba 9, 1898 katika mji mdogo wa Sedan, jimbo la Kansas, akakulia shambani huko Missouri. Kipawa chake cha kwanza kilikuwa uchoraji. Akichora vibonzo katika miaka ya 1920 ndipo alipombuni Weary Willie, hohehahe mwenye matambara, ndevu zisizonyolewa na uso wa huzuni. Katika sarakasi alianza kwa kuruka kwenye pembea za juu. Fikira ya kumtoa Willie karatasini na kumwigiza haikuwapendeza wakubwa wa sarakasi, kwani chale wa siku hizo alitarajiwa kuwa na uso mweupe na mavazi ya kumeremeta.

Kisha, mwaka 1929, uchumi ukaporomoka. Mamilioni ya Wamarekani walipoteza kazi, na hohehahe akawa mtu wa kila mtaa. Kelly alipojitokeza akiwa Willie katika miaka ya 1930, watazamaji walijiona wenyewe. Hakutamka neno. Alishika ufagio akaufagia mwanga wa taa uliotua sakafuni, nao ukapungua kidogo kidogo hadi ukatoweka. Watu walicheka, lakini hawakumdhihaki fukara yule; walimhurumia huku wakicheka.

Mwaka 1942 alijiunga na sarakasi mashuhuri ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey. Julai 6, 1944, mjini Hartford, hema lao kubwa lilishika moto. Lilikuwa limepakwa nta iliyochanganywa na petroli ili lisivuje. Watu zaidi ya 160 walifariki, wengi wao wakiwa watoto. Kelly alipigwa picha akiharakisha na ndoo ya maji, rangi za uchale zingali usoni. Siku hiyo huzuni ya Willie haikuwa ya kuigiza.

Aliiacha sarakasi hiyo mwaka 1956, na mwaka uliofuata akawatumbuiza mashabiki wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers. Alifariki mjini Sarasota, Florida, Machi 28, 1979, akiwa na umri wa miaka 80.

Maisha haya yanatuhusu sisi tulio shuleni. Vichekesho vingi tunavyovitunga huegemea lafudhi ya mtu, umaskini wake au hata kilema chake. Mwanafunzi anayeandaa mchezo kwa tamasha la drama, pamoja na mwalimu anayemwongoza, hawana budi kujiuliza: je, mnyonge tunayemwigiza angeketi miongoni mwa watazamaji, angecheka pamoja nasi au angeinamisha kichwa? Kelly alilijibu swali hilo kwa ufagio, bila kufungua kinywa. Kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.