Henry Phillips: Jina lililobaki kwenye bisibisi

SEREMALA wa Uwemba, mkoani Njombe, anayeshika bisibisi ya nyota kufunga bawaba za mlango, anatumia kifaa kilichoenezwa duniani na Mmarekani Henry Phillips, aliyefariki dunia mwaka 1958.

Phillips alizaliwa mwaka 1889 mjini Portland, katika jimbo la Oregon. Enzi hizo skrubu nyingi zilikuwa na mkato mmoja tu kichwani. Bisibisi bapa iliteleza kwa urahisi, ikachubua mbao na kujeruhi mikono ya mafundi.

Hata hivyo, aliyebuni nyota hiyo ni John Thompson, ambaye wenye viwanda walimkatalia. Phillips alinunua haki zake, akaiboresha na kupata hataza mwaka 1936. Kampuni ya American Screw ilikubali kuitengeneza, na General Motors ikaitumia kuunda magari ya Cadillac. Ncha ya nyota hujiweka yenyewe katikati ya skrubu, jambo lililorahisisha kazi ya mashine za kiwandani.

Afya mbaya ilimfanya astaafu mwaka 1945, lakini jina lake halikustaafu.

Urithi huo una masharti yake. Nyota namba 1 ni ya skrubu ndogo, namba 2 ndiyo ya kawaida, namba 3 ni ya skrubu kubwa. Zenye mistari midogo ya ziada kati ya matawi manne ni Pozidriv, nazo zina bisibisi yake. Ncha isiyojaa tundu hula kichwa cha skrubu, na skrubu iliyolika haifungi wala haifunguki.