Bibi wa Taa na Rangi ya Buluu

Jina la Florence Nightingale si geni masikioni mwa wanafunzi wetu. Humjua kama muuguzi aliyepita usiku kati ya majeruhi, taa mkononi. Ni wachache wajuao kwamba alikuwa pia bingwa wa takwimu, na kwamba mchoro wake wa mwaka 1858 ungali somo tosha kwa yeyote atakaye kujua namna ya kusoma chati.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 mjini Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake, Waingereza wenye mali, hawakutaka binti yao awe muuguzi, kazi iliyodharauliwa siku hizo. Yeye alishikilia nia yake. Mnamo Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea, alifika na wanawake 38 katika hospitali ya jeshi huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Alikuta msongamano, uchafu na mifereji iliyoziba. Tume ya afya iliwasili Machi 1855, ikaizibua mifereji hiyo, na vifo vikapungua upesi.

Vita vilipokwisha, alishirikiana na mtakwimu William Farr kuchambua hesabu za vifo. Alijua kuwa wakubwa wa serikali hawana subira ya kusoma majedwali marefu. Ndipo akachora.

Hapa naomba msomaji atulie. Mchoro una maduara mawili, kila moja limegawanywa vipande 12, na kila kipande ni mwezi mmoja. Buluu ni vifo vya maradhi yaliyoweza kuzuiwa, nyekundu ni vya majeraha, nyeusi ni vya sababu nyinginezo. Asiyeanza na ufunguo ataona ua la kupendeza tu. Isitoshe, duara la mwaka wa kwanza liko kulia, na la mwaka wa pili kushoto. Asiyesoma kichwa cha kila duara atadhani vifo viliongezeka, kumbe vilipungua! Tena, kiwango cha vifo hupimwa kwa eneo la kila rangi kuanzia kitovu cha duara, wala si kwa urefu wa kipande. Kipande kirefu mara mbili kina eneo kubwa mara nne. Wengi hujikwaa papo hapo, na sishangai, maana madarasani mwetu mwanafunzi hutuzwa alama kwa kunyoosha mistari kwa rula, na ni nadra kuulizwa chati yake inasema nini.

Inasema mengi. Kipande cha Januari 1855 ndicho kikubwa kupita vyote: maradhi hayo yaliua askari 2,761, ilhali majeraha yaliua 83. Adui mkuu wa jeshi la Uingereza hakuwa Mrusi. Na mwezi huo wa maafa, Bibi wa Taa mwenyewe alikuwa tayari Scutari. Mchoraji mwenye kujali sifa zake angeweza kukificha kipande hicho kwa kujumlisha miezi pamoja. Yeye alikiacha wazi, na macho hukiona kwanza kabla ya vingine vyote.

Mwaka huohuo wa 1858 alikubaliwa katika Chama cha Takwimu cha London, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na umri wa miaka 90.