Lindbergh Avuka Bahari

Je, wewe hupanga safari kabla ya kuondoka? Soma habari za Charles Lindbergh wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1902. Alikuwa rubani wa ndege ya barua. Alitaka kuruka peke yake kutoka New York mpaka Paris, mji wa kale wa Ufaransa, kuvuka bahari ya Atlantiki. Wengine walijaribu, wakafa. Lindbergh alipima uzito wa kila kitu. Aliacha redio na mwavuli wa kurukia, ili abebe petroli zaidi. Aliondoka tarehe 20 Mei 1927. Hakulala njiani. Baada ya saa 33 na nusu alitua Paris salama. Alifariki mwaka 1974. Nawe ukisafiri, chagua kwanza kilicho cha lazima.