Bruce McLaren: Dogo wa gereji aliyeacha jina kwenye magari ya rangi ya papai

Shabiki wa soka akibadili chaneli Jumapili akakuta langalanga, lazima ataona magari mawili ya rangi ya papai yakipishana na Ferrari na Mercedes. Mtangazaji atasema McLaren, McLaren, na wengi wanadhani ni jina la kampuni tu, basi. Ayrton Senna alibeba ubingwa wa dunia mara tatu akiwa na gari lenye jina hilo. Mika Häkkinen mara mbili. Lewis Hamilton alipata taji lake la kwanza nalo mwaka 2008.

McLaren alikuwa mtu. Alikuwa mtoto wa mwenye gereji kutoka New Zealand, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na alikufa mwaka 1970 akiwa na miaka 32, kabla timu yake haijabeba hata ubingwa mmoja wa dunia.

Tuseme ukweli, kwa kasi tupu hakuwa namba moja. Zama zake kulikuwa na Jim Clark, na Clark alikuwa habari nyingine. Ila Bruce alikuwa na kitu ambacho madereva wengi hawana mpaka leo. Akishuka kwenye gari anakwambia kinachosumbua ni nini, kiko wapi, na kinatibiwaje. Halafu anavua glavu, anashika spana.

GEREJI YA BABA

Alizaliwa Agosti 30, 1937, mjini Auckland. Baba yake, Les, alikuwa na kituo cha mafuta na gereji mtaa wa Remuera, na mwenyewe alishawahi kushindana kwenye pikipiki. Dogo akakulia kwenye harufu ya grisi.

Akiwa na miaka tisa nyonga ikaanza kumuuma. Madaktari wakasema ni Perthes, ugonjwa unaowapata watoto, damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja na mfupa unaanza kulainika na kuharibika. Siku zile tiba ilikuwa moja: kulala. Akapelekwa kituo cha Wilson Home, eneo la Takapuna, akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu huku miguu imefungwa na kunyooshwa. Hakukaa wiki wala miezi, alikaa miaka. Alipotoka alikuwa anachechemea, na akachechemea maisha yake yote. New Zealand ni nchi ya raga, na kwa mguu ule raga ikawa ya kutazama tu.

Kilichomwokoa ni mzigo wa vyuma. Les alinunua Austin 7 Ulster ya mwaka 1929 ikiwa imefumuliwa, vipande vipande. Mpango wake ulikuwa kuiunganisha, kuiuza, na kubaki na faida. Dogo akambembeleza baba asiuze. Wakaiunganisha wote wawili, na mwaka 1952, akiwa hata miaka 16 hajatimiza, Bruce akaiingiza kwenye mbio za kupanda kilima huko Muriwai.

Injini ya Ulster ilikuwa kama cc 750, ujazo ambao leo unaukuta kwenye pikipiki. Injini ndogo hivyo haina pa kujificha. Ukitaka nguvu zaidi lazima ujue inapumuaje, hewa inaingiaje, mchanganyiko unabanwa kiasi gani kwenye silinda kabla cheche haijapiga, moshi unatokaje. Ukikosea kidogo unaua injini, na hela ya kununua nyingine hakuna. Shule yake kubwa ilikuwa hiyo, ingawa baadaye alisomea pia uhandisi pale Auckland. Gari lile bado lipo. Limetunzwa makao makuu ya kampuni, Woking, Uingereza.

TENKI LIKAISHA MAFUTA

Mwaka 1958 chama cha mbio cha New Zealand kilianzisha mpango wa kumpeleka kijana mmoja Ulaya. Wa kwanza kuchaguliwa akawa Bruce. Alifika akapokewa na Jack Brabham, Mwaustralia aliyekuwa dereva wa timu ya Cooper, na mwaka huohuo, pale Nürburgring, Ujerumani, akiwa na gari la daraja la pili, akamaliza wa tano kwa ujumla na wa kwanza katika daraja lake. Watu wakaanza kuulizana huyu dogo katokea wapi.

Desemba 12, 1959, uwanja wa Sebring, Marekani, mbio za mwisho za msimu. Brabham anaongoza, taji linanukia, Bruce yuko nyuma yake. Mzunguko wa mwisho tenki la Brabham likakauka. Ikabidi ashuke asukume gari kwa mikono hadi mstarini, akashika nafasi ya nne na ubingwa akaupata. Bruce akapita kushoto na kulia haamini, huku Mfaransa Maurice Trintignant akimpumulia kisogoni kwa tofauti ya sekunde 0.6. Alikuwa na miaka 22. Rekodi ya dereva mdogo zaidi kushinda Grand Prix, ukiziweka kando mbio za Indianapolis 500, ilidumu hadi Fernando Alonso alipoivunja Hungary mwaka 2003.

Mwaka 1960 akashinda tena Argentina na kumaliza wa pili duniani nyuma ya Brabham. Mwaka 1962 akachukua Monaco. Wengi wangetulia hapo.

KOCHA MCHEZAJI

Mwaka 1963 alianzisha timu yake mwenyewe. Kwa lugha ya soka alikuwa kocha mchezaji, mmiliki wa klabu, na mtunza vifaa kwa wakati mmoja. Makazi yao ya mwanzo yalikuwa kibanda kule New Malden, kusini magharibi mwa London, ambamo walichangia nafasi na greda la kuchongea barabara.

Msiba wa kwanza haukuchelewa. Februari 1964, huko Longford, Tasmania, dereva mwenzake Timmy Mayer alifariki kwenye mazoezi. Kaka yake Timmy, Teddy, alikuwa mwanasheria. Badala ya kuichukia timu, alijiunga nayo na ndiye aliyekuja kuishika miaka ya baadaye.

Mwaka huohuo Bruce alinunua gari lililoitwa Zerex Special, ambalo Roger Penske alilitengeneza kutoka gari la langalanga la Cooper. Vijana wake wakaling'oa ile injini ya Climax, wakakata chasisi, wakaunda mpya, wakapachika V8 ya Oldsmobile ya lita 3.5, bloku la alumini. Injini ile ilikuwa ya magari ya kawaida ya Marekani, ya baba kupeleka watoto shule. Ila ilikuwa nyepesi, na fundi mjuzi akiipata anaifanya iimbe. Mara ya kwanza tu kuingia uwanjani, Mosport, Kanada, gari likashinda.

Kuna kisa kimoja mafundi wa magari ya mbio hawachoki kukisimulia. Bruce alikuwa anajaribu gari, akagundua kifuniko cha mafuta, kile kidogo kilicho kwenye bodi mbele yake, kinapigapiga na kuinuka akiwa kwenye kasi. Mtu mwingine angesema fungeni hicho kitu. Yeye akawaza kwamba hewa ya kasi ilitakiwa ikigandamize, sasa mbona kinainuka? Jibu ni kwamba chini ya bodi hewa imejaa kuliko juu, haina pa kutokea. Akarudi kwa mafundi, akachukua mkasi wa bati na kuikata bodi nyuma ya rejeta. Gari likapoa, likashika barabara vizuri mbele, likaongeza kasi. Matundu yale yakawa kama pua za magari ya mbio duniani kote.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Alipoingia langalanga na gari lake mwenyewe, Monaco 1966, alichukua injini ya Ford ya Indianapolis ya lita 4.2 na kuipunguza hadi lita 3 zilizotakiwa na kanuni. Ilikuwa nzito, na kelele zake zilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mizunguko tisa tu, mafuta ya injini yanavuja, safari imekwisha. Akajaribu injini ya Kiitaliano ya Serenissima, akaambulia pointi moja Brands Hatch. Injini ya uhakika ilikuja baadaye, Cosworth DFV.

Wiki chache baada ya aibu ya Monaco alikuwa Le Mans kwenye Ford GT40, yeye na Mkiwi mwenzake Chris Amon. Ford walikuwa na magari matatu mbele na mabosi wakataka yamalize pamoja kwa ajili ya picha. Ken Miles na Denny Hulme walidhani watagawana ushindi. Waamuzi wakasema hapana, gari la Bruce lilianzia nyuma zaidi, kwa hiyo limesafiri umbali mkubwa kidogo, ndilo mshindi. Mashabiki wa Miles hawajaumeza uamuzi ule mpaka leo, na wana haki yao. Hulme yeye hakuweka kinyongo. Mwaka uliofuata alikuwa dereva wa Bruce.

KUMI NA MOJA KWA KUMI NA MOJA

Mashindano yaliyomfanya tajiri yaliitwa Can-Am, ya Kanada na Marekani. Kanuni zilikuwa chache: gari liwe na nafasi ya viti viwili na bodi ifunike matairi. Injini weka yoyote, saizi yoyote. Paradiso ya fundi.

Mwaka 1967 walikuja na M6A, V8 ya Chevrolet ya lita 5.9, rangi ya papai. Kabureta zilitolewa, ukawekwa mfumo wa kudunga mafuta. Sababu ni rahisi. Kwenye kona kali mafuta yaliyo kwenye bakuli la kabureta yanaegemea upande mmoja na injini inaanza kukohoa, lakini mfumo wa kudunga unaipa kila silinda kipimo chake hata gari likiwa linaselelea. Mbio sita, wakashinda tano, na Bruce akawa bingwa.

Mwaka 1968 wakapanda hadi lita 7, bloku la alumini, zaidi ya nguvu za farasi 600. Oili ikaondolewa kwenye sampu chini ya injini ikawekewa tenki lake pembeni, maana kona zilikuwa zinaisogeza oili upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi zinaungua ndani ya sekunde. Injini nayo ikafungwa iwe sehemu ya chasisi yenyewe. Ubingwa safari hii ukaenda kwa Hulme.

Mwaka 1969 hapakuwa na mashindano tena. Mbio 11, ushindi 11. Bruce sita, Hulme tano. Chukua klabu icheze ligi nzima bila sare wala kufungwa, halafu mfungaji bora na wa pili wake watoke klabu hiyohiyo. Wapinzani wengine walikuwa wanaendesha McLaren za mwaka uliopita, walizouziwa na McLaren haohao! Siri kubwa ilikuwa mazoezi. Wakati wengine wanafika mbio za kwanza gari halijaisha kufungwa, la Bruce lilikuwa limeshakimbizwa Goodwood, Uingereza, likavunjwavunjwa na kurekebishwa mpaka likatii.

Katikati ya hayo, Juni 9, 1968, Spa, Ubelgiji, mafuta yakamfanyia tena wema. Jackie Stewart alikuwa anaongoza, tenki likamwishia mwishoni. Bruce alivuka mstari akiamini yeye ni wa pili. Ilibidi aambiwe kuwa kashinda. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa langalanga kwa timu yake, ndani ya gari lenye jina lake.

Ndoto iliyobaki ilikuwa gari la barabarani. Walitengeneza M6GT, gari la michezo lenye paa, V8 nyuma ya kiti, na Bruce akawa analiendesha mwenyewe mitaani kama gari lake la kila siku. Alitaka dunia inunue gari la kasi kuliko yote. Hakufika huko.

Mei 1970 Hulme aliungua mikono vibaya kwenye mazoezi ya Indianapolis. Msimu wa Can-Am ulikuwa unagonga mlango na gari jipya, M8D, halijakamilika kujaribiwa. Juni 2 Bruce akaenda nalo Goodwood mwenyewe. Alikuwa anatoka anarudi, anatoka anarudi, kila mara kitu kidogo kinaguswa. Muda mfupi baada ya saa 6 mchana, kwenye ile njia iliyonyooka ya Lavant, bodi ya nyuma ikafumuka na kuinuka. Bodi ile ndiyo iliyokuwa imebeba bawa linaloyakandamiza matairi ya nyuma. Ilipoondoka, matairi hayakuwa na cha kuyashikisha chini. Gari likazunguka na kugonga kituo cha waashiria bendera. Bruce alifia palepale. Aliacha mke, Patty, na binti mdogo, Amanda.

Teddy Mayer aliwaambia wafanyakazi kesho yake wapumzike nyumbani. Asubuhi wote walikuwa kazini, M8D zikafungwa upya. Juni 14 zilikuwa Mosport, siku 12 tu tangu Goodwood. Dan Gurney, aliyechukua kiti cha Bruce, alishinda. Hulme akamaliza wa tatu, ameshika usukani kwa mikono iliyofungwa bandeji. Msimu ulipoisha timu ilikuwa imeshinda mbio 9 kati ya 10, na bingwa alikuwa Hulme.