Malkia Kati ya Majeshi Mawili

Kila tarehe 4 Julai Kanisa humkumbuka Mtakatifu Elizabeti, Malkia wa Ureno. Wengi twamjua kwa sadaka alizowapa maskini. Leo twapenda kuitazama kazi yake nyingine, iliyo ngumu zaidi: kazi ya kupatanisha.

Alizaliwa mwaka 1271 katika ukoo wa wafalme wa Aragon, na mwaka 1282, angali binti mdogo, akaolewa na Dinis, Mfalme wa Ureno. Siku zile Ureno, Kastilia na Aragon zilikuwa nchi jirani na tena mahasimu. Wafalme walioza watoto wao ili wapatane, lakini mara nyingi ndoa hizo zilizaa madai mapya. Mwaka 1297 Ureno na Kastilia zilipatana huko Alcañices, zikaweka mpaka ambao kwa sehemu kubwa ndio uliopo hata leo. Naye Constança, binti wa Elizabeti, akaposwa na mfalme kijana wa Kastilia.

Mpaka ulipotulia, fitina iliingia nyumbani. Mfalme Dinis alimpendelea mwana aliyemzaa nje ya ndoa. Afonso, mwana wa malkia na mrithi wa kiti, akaogopa kunyang'anywa haki yake. Tangu mwaka 1319 hata 1324 baba na mwana walipigana. Malkia alishukiwa kuwa upande wa mwanawe; mumewe akamnyima mapato yake na kumfukuzia Alenquer. Hata hivyo hakuacha kusihi pande zote mbili. Yasimuliwa kwamba mwaka 1323, majeshi yalipokabiliana Alvalade karibu na Lisbon, alipanda nyumbu akapita katikati yao, na mapigano yakazuiwa.

Dinis alipofariki mwaka 1325, malkia alihamia Coimbra, kando ya monasteri ya masista wa Mtakatifu Klara aliyoijenga upya. Angaliweza kupumzika huko. Lakini mwaka 1336 Afonso, sasa mfalme, aligombana na Alfonso wa 11 wa Kastilia, aliyemwoa binti yake Maria kisha akamdharau. Na huyo wa Kastilia alikuwa mwana wa Constança. Basi mwana na mjukuu wa mama mmoja walikuwa tayari kuangamizana. Bibi huyu wa yapata miaka 65 akafunga safari hadi Estremoz, akaugua, akafa huko tarehe 4 Julai.

Yatupasa kusema kweli: vita havikukoma siku ile. Amani ilipatikana mwaka 1339, naye hakuiona.

Wahenga walituasa kwamba ndugu wakigombana tushike jembe tukalime. Ni shauri la busara kwa mpita njia. Lakini mama wa wagombanao hawezi kwenda shamba. Atashukiwa huku na huku, na huenda asiyaone mavuno. Hata hivyo, asipoingia kati yeye aliye wa pande zote mbili, ataingia nani? Katika kila nyumba ya Wakristo yupo mtu wa namna hiyo. Tusimwache peke yake.