Admirali Grace Hopper na Lugha za Kompyuta

Mwezi Desemba 1943, mwalimu mmoja wa hisabati, ambaye ndio kwanza ametimiza umri wa miaka 37, alikula kiapo cha kulitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani. Mwanzoni alikuwa amekataliwa. Umri ulikuwa umemzidi, na uzito wake ulikuwa ratili 105 ilhali kanuni zilitaka 120. Akaomba kibali maalumu, akapewa. Huyo ndiye Grace Murray Hopper, mzaliwa wa New York, aliyepata udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1934.

Katika mafunzo ya uafisa alishika nafasi ya kwanza. Mwaka 1944, akiwa Luteni, alipelekwa Harvard, chini ya Kamanda Howard Aiken, kuutumikia mtambo wa hesabu uitwao Mark I. Ulikuwa na urefu wa futi 51 na kimo cha futi 8, nao ulifanya hesabu za silaha usiku na mchana. Amri zake zilitobolewa kwa tarakimu katika utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa hesabu nzima iliharibika.

Hopper na wenzake walikuwa na madaftari yenye amri zilizokwisha kujaribiwa, wakawa wanazinakili kwa mkono kila zilipohitajika. Hapo ndipo makosa yalipoingia, kwani hata mtaalamu hukosea kunakili. Vita vilipokwisha alihamia kwenye kampuni iliyotengeneza kompyuta ya UNIVAC, na mwaka 1952 akaandika programu iitwayo A-0, iliyoiagiza mashine yenyewe izitafute amri hizo na kuziunganisha. Wengi hawakusadiki. Waliamini kuwa kompyuta ni ya kufanya hesabu tu.

Ndipo akataka jambo kubwa zaidi: karani wa mishahara au wa bohari aiamuru mashine kwa maneno ya Kiingereza cha kawaida, si kwa alama za wanahisabati. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba, ili kuwathibitishia wakubwa wa kampuni kuwa kwa mashine neno ni alama tu, aliwaonyesha programu ileile kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa na Kijerumani. Wakubwa wakaingiwa na hofu! Yawezekanaje mashine iliyoundwa Marekani ijue Kijerumani? Basi ikambidi aahidi kushika Kiingereza peke yake. Lugha hiyo ikaitwa FLOW-MATIC.

Mwaka 1959 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilidhamini mkutano wa kuunda lugha moja itakayofaa kwa kompyuta za kampuni zote. Ikazaliwa COBOL. Wako wasemao kuwa Hopper aliitunga peke yake, na hiyo si kweli. Ilitungwa na kamati, yeye akiwa mshauri, lakini msingi wake mkubwa ulikuwa FLOW-MATIC. Hata leo benki na idara nyingi za serikali duniani bado zinaitumia.

Mwisho wa mwaka 1966 alistaafishwa kwa sababu ya umri, akiwa na cheo cha Kamanda. Haikupita miezi minane jeshi likamwita tena. Kila kikosi kilikuwa na COBOL yake, na programu ya huku haikufanya kazi kule. Aliitwa kwa miezi sita. Akakaa miaka 19. Alisimamia utungaji wa majaribio ya kuhakikisha kwamba kila kampuni inafuata kanuni zilezile.

Vijana aliowafundisha aliwagawia vipande vya waya vyenye urefu wa takriban sentimita 30, yaani mwendo wa umeme katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, ili waone kwa macho jinsi amri ya ovyo inavyopoteza wakati. Ukutani mwake saa ilizunguka kinyume.

Alipata cheo cha Admirali wa daraja la chini mwaka 1985. Tarehe 14 Agosti 1986, akiwa na miaka 79, aliagwa rasmi juu ya merikebu ya kale ya vita, Constitution, bandarini Boston. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Manowari yenye jina lake iliingia kazini mwaka 1997.