Margaret Dumont: Bibi Asiyecheka

Margaret Dumont alizaliwa Brooklyn, Marekani, mwaka wa 1882. Aliigiza jukwaani miaka mingi kabla ya filamu. Baina ya 1929 na 1941 alishiriki filamu saba za ndugu Marx, aghalabu akiwa bibi tajiri anayebembelezwa na kutukanwa na Groucho kwa pumzi moja. Groucho alizoea kudai kwamba mwenzake huyo hakuelewa mizaha yao. Dai hilo, lililokaririwa mno, halimwingii akilini aliyetazama Duck Soup ya 1933: kutocheka kwake kwa wakati ufaao ndiko kunakochekesha. Dumont mwenyewe alishikilia kuwa kumjenga mchekeshaji bila kumpokonya kicheko ni sanaa. Alifariki Machi 1965, siku chache baada ya kurekodi kipindi cha televisheni na Groucho yuyo huyo.